Mnyonge Mnyongeni, Jina Lake Mpeni

Insha ilirudi ikiwa na duara jekundu pambizoni. Mwandishi wake, binti wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani, alikuwa ameandika kuhusu misemo ya kanga. Katika aya ya tatu alieleza kwamba msemo fulani hauvaliwi mbele ya wakwe, kisha akataja alikolipata jambo hilo: kwa bibi yake mzaa mama, mjini Tanga. Mwalimu aliuzungushia wino mstari huo na kuandika kwamba chanzo hicho hakikubaliki, atafute cha kitaaluma. Binti akatafuta. Akapata makala ya Kiingereza ya mtu aliyepita pwani kwa majuma machache, iliyosema jambo lile lile kwa upungufu, akaweka jina la mtu huyo na mwaka ndani ya mabano, na alama zake zikapanda. Alinionyesha insha ile akitaka nimhakikishie kwamba koma zimekaa mahali pake. Zilikuwa zimekaa. Aliyekosa pa kukaa ni bibi.

Naandika kuyapinga makundi mawili yanayodhani kuwa yanapingana. La kwanza ni la walimu na vyuo vinavyofundisha marejeleo kama sheria za barabarani: simama hapa, weka nukta pale, ukikosea utatozwa faini. La pili ni la baadhi yetu, wasomi wa Kiswahili tulio ughaibuni na walio nyumbani, tunaojibu kwamba marejeleo ni desturi ya Wazungu, kwamba elimu yetu ni ya jamii nzima, na kwamba kusema “wahenga walisema” kunatosha. Makundi yote mawili yamesahau jambo moja. Kutaja chanzo ni kulipa deni, deni lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana jina.

Nianze kwa kulipa haki kundi la kwanza. Kanuni za uumbizaji wa insha si adui wa mtu, wala si ngumu kama zinavyoogopwa. Mtindo wa MLA, unaotumiwa na wanafunzi wa lugha na fasihi, unataka pambizo za inchi moja, nafasi mbili kati ya mistari, jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa juu upande wa kulia, na orodha ya marejeleo kwenye ukurasa wake, ikipangwa kwa alfabeti, mstari wa pili wa kila ingizo ukisogezwa ndani nusu inchi. Katika matini, jina la mwandishi na namba ya ukurasa hukaa ndani ya mabano bila koma kati yake. Mtindo wa APA, wa wanasaikolojia na wanasayansi ya jamii, hutanguliza mwaka, kwa sababu katika fani hizo umri wa dai ni sehemu ya uzito wake, na dondoo la maneno 40 au zaidi hutengwa katika aya yake bila alama za mtajo. Mtindo wa Chicago, unaopendwa na wanahistoria, hutumia tanbihi, na tanbihi humpa mwandishi nafasi ya kueleza chanzo badala ya kukitaja tu. Mwanafunzi makini huyajua haya yote kwa jioni mbili.

Wala kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwongozo wa Chicago ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Ule wa APA ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba katika jarida la wanasaikolojia, na toleo lake la saba, la mwaka 2019, lina zaidi ya kurasa 400. Kitu kilichokua kutoka kurasa saba hadi mia nne ni kitu kinachorekebishwa na watu kila wanapoona kinapwaya. Basi na sisi tuna haki ya kusema kinapopwaya kwetu. Lakini haki hiyo anayo aliyekisoma. Anayeshindwa kupanga orodha yake kwa alfabeti hana hoja dhidi ya alfabeti.

Kosa la kundi la kwanza, basi, si kuwa na kanuni. Kosa ni kufundisha koma na kuacha sababu ya koma. Mwanafunzi huambiwa kwamba asipotaja chanzo atashtakiwa kwa wizi wa kitaaluma, na kwamba kuna programu itakayoilinganisha insha yake na maandishi mengine na kutoa asilimia. Tangu hapo haulizi tena “nimejifunza kwa nani?” Anauliza “asilimia ngapi inaruhusiwa?” Hubadilisha maneno mawili katika kila sentensi hadi namba ishuke, na namba ikishuka hujiona mwaminifu. Programu hiyo hupima kufanana kwa maneno, haipimi uaminifu. Mtu anaweza kuchukua hoja nzima ya msomi aliyeandika kwa Kiswahili, akaitafsiri kwa Kiingereza aya kwa aya bila kumtaja, na programu inayotafuta maneno yanayofanana ikampitisha salama. Huo ni wizi kwa njia ya tafsiri, na wanaoibiwa zaidi ni wale wanaoandika kwa lugha ambazo wakaguzi hawazisomi.

Umbo linaweza pia kuwa kamili na ndani pasiwe na kitu. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hati iliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kutokea. Zilikuwa zimetungwa na programu ya akili mnemba. Zilikuwa na majina ya wadai na wadaiwa, namba na miaka, kama kesi za kweli zinavyoandikwa. Kilichokosekana ni kesi. Tukiendelea kuwapa vijana alama kwa sababu ya mabano na nukta, tutakuwa tumewafundisha ufundi ambao mashine imeshaujua, na tumewanyima ule ambao mashine haina: kumjua mtu aliyesema, na kuwajibika kwake.

Sasa nije kwetu. Mahali ambapo mitindo hii inapwaya zaidi kwa Mswahili ni kwenye jina. Mitindo yote mitatu hudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba jina la ukoo ndilo mtu mwenyewe. Kwetu jina la pili kwa kawaida ni la baba. Ndiyo maana mwandishi wetu mashuhuri kuliko wote, Shaaban Robert, anapatikana katika orodha moja kwenye herufi R, katika nyingine kwenye S, na katika nyingine amegeuzwa kabisa akawa “Shaaban, R.” Mwana Kupona binti Mshamu akipitishwa kwenye programu ya kutengeneza marejeleo hutoka akiitwa Mshamu, yaani baba yake. Kwa utenzi ambao mama aliutungia binti yake, kosa hilo si dogo. Waislandi nao kwa kawaida hubeba jina la baba badala ya la ukoo, na orodha zao hupangwa kwa jina la kwanza, kama kilivyopangwa hata kitabu chao cha simu. Hakuna aliyewaambia kwamba hawana ustaarabu. Walishika desturi yao, na dunia ikaizoea.

Jina likishapotea, mtu mwenyewe hufuata. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mjini humo alifariki mwaka 1927. Sisi tunaofundisha Kiswahili ng'ambo leo tunatembea katika njia aliyoipita yeye. Yeye ndiye mwandishi mkuu wa maelezo ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa Göttingen mwaka 1903. Jina lililokaa mahali pa mwandishi, hata hivyo, lilikuwa la Carl Velten, aliyeyakusanya na kuyahariri, na kwa miongo mingi wasomi walipotaka kusema jinsi Waswahili walivyooa, walivyozika na walivyocheza ngoma, waliandika “Velten 1903” na kwenda zao. Ilikuwa mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyotolewa na University of California Press, ambapo jina la Mtoro lilikaa kwenye kichwa cha kitabu. Miaka 78. Na hata baada ya hapo programu ya marejeleo humwita “Bakari, M.” na kumpa mwaka 1981, kana kwamba aliandika miaka 54 baada ya kufa.

Sisemi Velten alikuwa mwizi. Bila kazi yake huenda maandishi yale yasingetufikia. Ninasema kwamba nafasi ya mwandishi ilikuwa moja, akawekwa mhariri, na sisi tuliokuja baadaye tukainakili nafasi ile bila kufungua kitabu. Na kumbe kanuni zenyewe zina mlango. APA inaruhusu kazi iliyochapishwa upya ipewe miaka miwili, wa kwanza na wa pili, ikitenganishwa kwa mkwaju. Mitindo yote ina nafasi ya mhariri na ya mtafsiri mbali na ya mwandishi. Mwanafunzi angeweza kumweka Mtoro mahali pake, Velten mahali pake na Allen mahali pake, na asivunje kanuni hata moja. Hafanyi hivyo kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba inamhusu.

Hali ya Muyaka bin Haji wa Mombasa inatufundisha zaidi. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840, naye hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu. Aliyezikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, akishirikiana na mmisionari William Taylor, aliyeziweka katika hati za Kirumi na kuziandikia maelezo. William Hichens alizichapa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wa karne ya 19. Hesabu vizazi hivyo: mtunzi, waliohifadhi kwa moyo, aliyeandika, aliyenakili, aliyechapa, aliyechambua. Kisha fungua tasnifu yoyote ya leo uone ni nani kati yao anayebaki ndani ya mabano. Mara nyingi ni Hichens au Abdulaziz. Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye tusingekuwa na mengi ya kubishania, hana mabano. Mitindo yote inajua kusema kwamba neno la huyu limenukuliwa katika kitabu cha yule. Lakini APA inaagiza kwamba katika orodha ya mwisho aingie yule uliyemsoma tu, na mwanafunzi aliyezoea kutii orodha humwona asiyeingia kuwa hayupo.

Hapo ndipo tunapofika kwa bibi wa Tanga. APA huyahesabu mazungumzo kuwa mawasiliano binafsi: hutajwa ndani ya matini pamoja na tarehe, lakini hayaingii kwenye orodha ya marejeleo, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafuata mwenyewe. MLA huruhusu mahojiano yaingie kwenye orodha. Kwa hiyo, msomaji, yule mwalimu aliyezungushia duara hakuwa akilinda kanuni. Kwa MLA bibi angeingia hadi mwisho wa insha, na kwa APA angebaki walau ndani ya matini. Mwalimu alikuwa akilinda mazoea yake, kwamba mwanamke mzee asiye na kitabu si chanzo. Ni kweli kwamba kila chanzo kinapaswa kupimwa, na bibi naye apimwe: alilipata wapi jambo hilo, alilishuhudia au alisimuliwa, wenzake wa mtaa wanasemaje. Lakini kupima si kufuta. Na yule mpita njia wa majuma machache, ambaye bila shaka alilisikia jambo lile kwa bibi mwingine asiyemtaja, nani alimpima?

Wapo walioona ufa huu wakauziba. Nchini Kanada, Lorisia MacLeod, mkutubi wa jamii ya Cree aliyekuwa katika NorQuest College, alitengeneza vielelezo vya kuwarejelea wazee na walinzi wa elimu ya wenyeji kwa mitindo ya MLA na APA, na mwaka 2021 akaandika makala kuvieleza. Vielelezo hivyo humwingiza mzee kwenye orodha ya marejeleo kwa jina lake, jamii yake, anakoishi, jambo alilofundisha na tarehe. Maktaba za vyuo vingine vya Kanada zimevipokea. Havikuhitaji mapinduzi. Vilihitaji mtu mmoja aliyekataa wazee wake wawekwe fungu moja na barua pepe. Sisi, wenye lugha inayosemwa na mamilioni na idara za Kiswahili katika mabara kadhaa, tumetengeneza nini?

Tumetengeneza udhuru. Na hapa nageukia kundi la pili, ambalo ni langu, na kwa hiyo sina sababu ya kulionea haya. Tunasema kutaja majina si desturi yetu. Si kweli. Elimu ya hadithi za Mtume, iliyosomeshwa katika vyuo vya pwani kwa karne nyingi, imesimama juu ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwenye chimbuko, na mlolongo wenye pengo hutiwa shaka hata maneno yakiwa mazuri. Abdullah ibn al-Mubarak aliihesabu isnadi kuwa ni katika dini yenyewe. Watunzi wa tenzi walizoea kueleza kwamba kisa wamekitoa chuoni, wakataja jina lao na hata tarehe katika beti za mwisho, na kumwomba msomaji awasahihishe. Na takhmisa ni nini, ikiwa si namna ya kunukuu? Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake, na kila asomaye hujua cha nani kinaishia wapi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoufanyia takhmisa wimbo unaonasibishwa na Liyongo, hakuumeza wimbo ule. Aliujengea nyumba na kuuacha ukae mlangoni. Kwa hiyo anayesema kwamba kutaja chanzo ni ugeni tulioletewa anazikana desturi zake mwenyewe.

Na tazama tunavyotenda. Shairi hupita katika makundi yetu ya simu likiwa limekatwa ubeti wa mwisho, ule wenye jina la mtunzi. Makala hunakiliwa nzima na kuandikwa chini yake “nimeipata mtandaoni”, kana kwamba mtandao ni mtu. Methali kweli haina mwenyewe, na hakuna atakayekudai kwayo. Lakini ufafanuzi wa methali una mwenyewe, nasi huuchukua kwa mwalimu wetu na kuuita hekima ya wahenga. Baya kuliko yote ni lile la wasomi. Wapo wanaolijua jambo tangu jikoni kwa mama zao, lakini wakiliandika hulitafutia kitabu cha kigeni cha kulibeba, kwa kuwa kitabu hicho huonekana vizuri ndani ya mabano. Nguo ya kuazima haistiri maungo. Yule binti hakuanza mchezo huo. Ameturithi sisi.

Basi tufanye nini? Kwanza, majarida ya Kiswahili, na hili likiwamo, yaandike jina la Mswahili zima na kulipanga kwa jina lake la kwanza pale ambapo la pili ni la baba: Muyaka kwenye M, Mtoro kwenye M, Siti binti Saad kwenye S. Anayetumia jina la ukoo kwa hiari yake apangwe kwa hilo. Pili, kazi iliyopita mikononi mwa wengi itajwe pamoja na mikono hiyo, ikibidi kwa tanbihi: kauli ni ya Muyaka, imehifadhiwa na Sikujua, ikachapwa na Hichens. Tatu, msimulizi aingie kwenye orodha ya marejeleo kwa jina, mahali, lugha aliyotumia na tarehe, na kwa idhini yake. Akiomba asitajwe, iandikwe kwamba ameomba hivyo, maana hata kunyamaziwa kwa ombi ni tofauti na kufutwa. Nne, tunapoandika kwa Kiingereza au Kijerumani, tuweke maneno ya Kiswahili kwanza na tafsiri baadaye, na tumtaje aliyetafsiri, hata kama ni sisi wenyewe.

Na kwa mwanafunzi anayesoma haya usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, nasihi yangu ni fupi. Ijue kanuni ya mtindo uliotakiwa na uifuate hadi nukta ya mwisho, kwa sababu atakayekukuta umekosea nusu inchi hatasikiliza neno lako juu ya bibi. Andika jina, mwaka na ukurasa siku ile ile unaposoma. Usitaje kitabu ambacho hujakifungua. Chanzo ulichopewa na programu kitafute kwa macho yako kabla ya kukiandika. Na mwalimu akikwambia kwamba mzee wako si chanzo, usibishane naye kwa hasira. Mfungulie mwongozo wake kwenye sehemu ya mahojiano, umwonyeshe.

Dawa ya deni ni kulipa. Tumejifunza kuwalipa wachapishaji wa New York na Göttingen hadi senti ya mwisho, kwa nukta na koma, na hakuna ubaya katika hilo, kwani nao wanatudai. Lakini wapo wadai wengine, wa Dunda, wa Mombasa, wa Tanga, ambao hawatumi hati ya madai wala hawana programu ya kutukamata. Uaminifu wa msomi hupimwa kwa jinsi anavyomlipa mdai wa namna hiyo.